Jina la Whitney Juu ya Karatasi

Mwalimu Apiyo wa mtaa wa Kambi Muru anawapenda watoto wa watu kama aliowazaa mwenyewe, lakini ukimwona na makasi, kaa mbali! Karatasi kwake ni dhahabu. Kila anachonakili kwa ajili ya darasa hukikata kwanza: jalada nje, jina la mwandishi nje, ili maswali yake yapate nafasi pale chini. "Watoto wanasoma hadithi, hawasomi jina," ndivyo husema.

Muhula uliopita, Whitney wa gredi ya sita aliandika insha kuhusu kuku wa nyanyake aliyetagia ndani ya beseni la omena, yaani dagaa. Wacha wee! Apiyo alicheka hadi machozi. Akachukua makasi, akakata pale juu, akaandika maswali chini kwa mkono wake, akatoa kopi arobaini. Darasa likasoma na kucheka bila kujua ni ya nani. Whitney, mtoto wa haya, akanyamaza.

Juzi mitihani ya majaribio ikafika kutoka duka la kopi la Kagiri, kule mtaa wa Kongo, Kawangware. Ndani yake, kuku yuleyule, beseni lilelile. Na chini: "Mali ya Kagiri. Usinakili."

"Ticha, hii stori si ni yangu?" Whitney akauliza.

"Muongo!" darasa zima likamzomea. Mtoto wa watu akalia mpaka kamasi zikamtoka.

Apiyo akawakemea, mori ukampanda. Watoto walipokwenda nyumbani tu, akashika njia hadi Kongo, akaingia dukani bila salamu, si sasa wala niaje.

"Mwizi wewe, Kagiri! Umeiba hadithi ya mtoto!"

Kagiri, mtu mpole sana, akafungua faili. "Keti, madam. Hii karatasi niliuziwa na mwalimu mmoja wa huku. Jina nililitafuta, nikalikosa."

Apiyo akaitazama. Maswali yalikuwa ya mkono wake. Juu kulikuwa na alama ya makasi, imepinda vilevile anavyokata yeye. Nyani haoni kundule, jamani! Aibu ilimshika akakosa pa kuweka macho.

"Mimi nilikosea kuiuza bila kumtafuta mwenyewe, na nitaitoa," Kagiri akasema. "Lakini wewe, madam, kunakili kipande cha kufundishia darasa lako hakuna shida. Sheria inataka tu umtaje aliyekiandika."

Kesho yake Apiyo akasimama mbele ya darasa.

"Hadithi ni ya Whitney. Jina lake nililikata mimi. Whitney, mama, nisamehe."

Akampa kalamu na zile kopi za zamani, ajaze mwenyewe. Whitney akaandika jina lake kwa herufi kubwa, ulimi nje. Lilipokwisha, kalamu ikaendelea.

"Unaongeza nini tena?"

"Jina la nyanya. Yeye ndiye alinihadithia, ticha."

Woi, mtoto huyu! Hilo hakufundishwa na Apiyo.