Leso ya Chumvi

Mimi sijui kutulia, na mambo ya chakula ndiyo hunitibua zaidi. Dada yangu mkubwa aliolewa ng'ambo ya mto Malaba, upande wa Uganda, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kila nikitoka kumtembelea nilimwudhi mama kwa kulinganisha vyungu. Kwa dada kulikuwa na dagaa, kunde za simsim na karanga za kusaga. Kwetu Chakol ilikuwa ugali na mboga, mboga na ugali.

"Basi nenda uolewe huko," mama aliniambia. Nami nilikuwa nimeanza kulifikiria.

Haikupita miaka mingi kibao kikageuka. Chumvi ikaadimika madukani ng'ambo, na dada akawa anapikia maji ya majivu yaliyochujwa. Kila nilipokwenda nilimkuta shingo imefura zaidi. Alipokuja kwetu akiwa na mimba changa, mama alimpeleka zahanati. Muuguzi akampapasa shingo, akasema ni rovu, uvimbe wa kukosa madini joto.

"Kila chakula kiwe na chumvi ya pakiti, ndiyo yenye hayo madini," alisema. "Na usicheze na hii kitu, mama. Mtoto wa ndani pia anaihitaji."

Kusema ni rahisi. Mpakani vikapu vilipekuliwa, na pakiti ikionekana, imekwenda. Lakini wanawake wa soko la Malaba walikuwa na ujanja wao. Unakoroga chumvi nyingi kwenye maji moto, unaloweka leso, unaianika, unarudia mpaka inakakamaa kama ngozi ya mbuzi. Unaivaa, unapita. Ukifika unaisuuza kwenye maji kidogo, na hayo ndiyo unapikia.

Nilivuka hivyo mara mbili, mapaja yakiniwasha mpaka natamani kulia. Mama mkwe wa dada hatukumwambia. Kuwapelekea wakwe chumvi ni kama kuwaambia wameshindwa kulisha mke waliyemwoa. Dada aliyaficha yale maji kwenye chupa chini ya kitanda, akawa anayatia kwenye mboga mama mkwe akigeuka.

Safari ya tatu nilifika dada akiwa ameenda kisimani. Mama mkwe akanitengea maji ya kuoga, kama afanyiwavyo mgeni. Nilivua leso, nikaitundika kwenye ua wa bafu, nikajimwagia maji nikimshukuru Mungu. Nilipogeuka, pale pametundikwa leso nyingine, safi. Yangu nilimkuta mama mkwe akiianika kwenye kamba, laini, inachuruzika maji.

"Mwanangu, hii nguo ilikuwa imechafuka! Nimeisuuza mara tatu. Mgeni hawezi rudi kwao hivyo, watu watasema nini?"

Hasira zilinipanda. Nilimwambia kuwa nyumba yake haina chumvi, na kwamba amemwaga dawa ya mjukuu wake. Aliketi chini papo hapo, mikono ingali imelowa. Dada akaingia na mtungi, akatutazama, akaelewa.

"Usipigie mama yangu kelele," akaniambia. "Hakujua. Ni sisi tulimficha."

Mama yangu! Kumwita mkwe wake hivyo kuliniuma kuliko chumvi iliyomwagika. Niliondoka bila kula. Kwetu, mama alinibembeleza nirudi, maana miguu yake haikuweza safari na hapakuwa na mwingine wa kutuma. Nikamjibu kwamba aliyemwaga ndiye atafute nyingine. Miezi mitatu nilinuna, na kila siku ya soko nilikuwa Malaba, nauona mpaka kwa macho yangu.

Mtoto alizaliwa. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na kuongea mpaka leo kunamshinda. Nilimuuliza yule muuguzi, akasema hakuna awezaye kujua kwa hakika sababu ilikuwa nini. Sikuridhika, na sijaridhika. Mama mkwe alimwaga chumvi siku moja tu, tena bila kujua. Mimi nilijua, na nilikaa nyumbani miezi mitatu.