Klasi Isiyoitwa na Mtu

Kazini walimwita Fagio, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa fundi wa programu za kompyuta, haoni msimbo mchafu akatulia. Ukimkuta kwenye chumba chake chembamba nyuma ya maabara ya hospitali, yuko anafuta: faili zilizosahaulika, mistari isiyo na kazi, takataka za mafundi waliomtangulia. Wenzake walimtania kwamba iko siku atajifuta na yeye mwenyewe.

Programu aliyoitunza ndiyo iliyotafuta wachangiaji damu. Iliandikwa na mzee mmoja aliyekwisha kustaafu, mtu wa visa kwelikweli. Kila kundi la damu lilikuwa na klasi yake, na klasi, kwa asiyejua, ni kama kalibu ya matofali: yenyewe haifanyi lolote mpaka programu iitumie kufyatua kitu cha kufanya kazi. Sasa yule mzee hakuona haja ya kuzitaja klasi zake. Programu ikishasoma kundi la damu la mgonjwa, inaunga jina la klasi papo hapo, inaisaka kwenye folda, inaipakia na kufyatua kitu, huku kazi inaendelea. Ujanja mtupu, na hakuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Mtu mzima na akili zake!

Siku ya usafi Fagio akaiuliza kompyuta kila klasi inaitwa kutoka wapi. Za makundi ya kawaida zilitajwa kwenye programu ndogo ya ripoti za kila mwezi, zikapona. Ya kundi moja adimu haikutajwa popote. Akaifuta. Majaribio yote yakapita, maana yaligusa makundi ya kawaida tu, naye akaenda kula na moyo mweupe.

Laiti programu ingepiga kelele! Lakini mzee alikuwa ameielekeza kwamba klasi isipopatikana, isikwame. Ijibu tu kwa upole kwamba hakuna mchangiaji.

Miezi ikapita. Kisha mdogo wake Fagio wa kike, kitinda mimba wa nyumba yao, akalazwa wodi ya juu hospitali hiyohiyo. Alihitaji upasuaji, na daktari alisema wazi kwamba hatashika kisu bila damu ya kundi lake kuwa tayari pembeni. Kundi lenyewe ndilo lile adimu. Ndugu wote walipimwa, hakuna aliyelingana naye. Hospitali nyingine zikaulizwa, nazo hazikuwa nayo. Ikabaki programu, na Fagio ndiye aliyekaa mbele yake kila asubuhi, akaandika kundi la damu la mdogo wake, akabonyeza. Hakuna mchangiaji. Anapanda wodini kumwambia mama yao, anashuka, anabonyeza tena. Mama alikuwa akimpa moyo, akisema mashine ikishikwa na mtoto wake mwenyewe haiwezi kumtupa.

Binti akafa siku ya mvua, daktari akiwa bado anasubiri damu.

Fagio aliporudi kazini baada ya mazishi, mlinzi wa lango alimshika mkono kumpa pole, akamuuliza kilichokosekana. Fagio akamtajia kundi la damu. Mlinzi akaukunja uso.

“Hilo si ndilo langu, ndugu yangu? Nilichangia hapahapa mwaka juzi. Waliniambia wakinihitaji wataniita.”

Fagio aliuchomoa mkono wake. Alifika mezani kwake hajui amepitia mlango gani, akaandika kundi, programu ikajibu vilevile. Safari hii akafungua kumbukumbu za ndani, zile ambazo programu huandika na watu hawazisomi, na pale palijaa sentensi moja kwa kila asubuhi aliyobonyeza: klasi haikupatikana. Akaelewa yote. Akairudisha faili aliyoifuta. Akabonyeza. Kufumba na kufumbua majina yakajipanga, la mlinzi likiwa juu kabisa, pamoja na namba yake ya simu.

Alishika tama. Ni yeye aliyemuua, alijiambia, kwa mkono wake, mchana kweupe, na siku ile akaenda zake kula.

Simu ikalia. Alikuwa mama, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia. Alisema hajapata usingizi, anafikiria watu wa hospitali, hasa wale wa kompyuta, upande wake Fagio, jinsi walivyohangaika naye hakuwapa hata neno la shukrani.

“Nishukurie, mwanangu. Waambie mama yake anasema asante. Walimtafutia mpaka mwisho.”

Fagio aliyatazama yale majina kwenye kioo cha kompyuta.

“Nitawaambia, mama.”