Mashahidi Wawili wa Kifo cha Glody

Kanisani Kabambare walimwita Antoine Papa Nani-Alisema, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Alikuwa mwinjilisti na mkulima wa mpunga. Ujanani alisoma shule ya Biblia mjini Kasongo, akafundishwa kwamba kila andiko lina aliyeliandika, lina watu walioandikiwa, na lina shida iliyowabana siku zile. Tangu hapo hakuacha kuuliza, "Nani alisema?" Aliwaonyesha vijana kwamba Mathayo anasema Yuda alijinyonga, lakini kitabu cha Matendo kinasema alianguka akapasuka. Wazee walitaka azishone habari hizo mbili ziwe moja. Alikataa.

"Kila mumoja aliandika vile watu wake walisimulia," alisema. "Tuwaache waseme."

"Papa Nani-Alisema," mkewe Ernestine alimtania, "na nani alisema leo utakula?"

Walikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Glody, aliyechimba dhahabu Salamabila. Alirudi nyumbani maiti, amefungwa kwenye pikipiki ya rafiki yake Djamali, amezungushiwa turubai la plastiki. Nyuma yake, kwa pikipiki nyingine, alikuja Gaston, mwenye shimo alimofia.

Kwao, anayeleta maiti haketi wala hanywi maji kabla ya kusimama mbele ya wafiwa na kueleza kifo. Kisha mchungaji anaamua. Akikubali, rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya kanisa inagongwa kama kengele na kwaya inakuja. Aliyejiua hagongewi rimu. Anazikwa kimya, na mama yake anabaki na kimya hicho maisha yake yote.

Gaston alianza. "Alijitupa. Alikuwa na mawazo mingi."

"Uongo!" Djamali alifoka. "Mvua ilinyesha, ngazi ilikuwa na matope. Aliteleza!"

"Hata Yuda alijiua," mzee mmoja alinong'ona, kwa sauti ya kusikika.

Ernestine alianguka kwenye mkeka. Mchungaji aliinamisha kichwa. Antoine akasimama.

"Bwana Gaston, ulimuona?"

"Niliambiwa."

"Nani alisema?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Shimo likiua mutu, gharama ya kilio ni ya mwenye shimo, si vile?" Antoine aliendelea. "Mbao za kushika udongo hazikuwekwa, ngazi ni ya zamani. Sasa unakuja kutuambia mutoto alijitupa. Habari hiyo inasaidia nani?"

Watu walinung'unika. Mchungaji akamwashiria shemasi. Rimu ikaanza kulia.

Ernestine aliinua uso, na wanawake wakapokea wimbo. Antoine alitaka kuketi. Lakini swali halikumwachia. Lilimgeukia Djamali lenyewe, kama lilivyozoea. Na huyu? Aliona? Djamali hakuwa mchimbaji; kutwa alikuwa njiani na abiria. Yeye pia aliambiwa. Alikula na Glody sahani moja tangu utotoni, na alijua anakwenda kusimama mbele ya mama. Antoine alimtafuta macho. Djamali akayakwepa.

Hapo akakumbuka simu ya mwisho. "Papa, nimechoka," Glody alisema. Wachimbaji wote husema hivyo. Wote.

"Ee Mungu," aliomba moyoni, "wewe peke yako ulikuwa kule chini."

Ernestine alimshika mkono, kucha zikamwingia.

"Baba Glody. Aliteleza, sivyo? Sema."

Maisha yake yote alikataa kushona habari mbili ziwe moja. Rimu ililia tena, nzito, na vijana aliowafundisha walikuwa wanamtazama.

"Aliteleza, Mama Glody," alisema. "Ilikuwa matope."

Ernestine akamwachia mkono, akalia kama mama anayeruhusiwa kulia. Antoine akaenda kusimama upande wa Djamali, pale wanaposimama walioleta habari, na, kwa kuwa yeye pia hakuona, hakuthubutu kuomba maji.