Mashine Iliyokataa Kupanda Ngazi

Kwa nini ilizimika pale kwenye ngazi, si kabla yake wala baada yake? Nilijiuliza hivyo ndani ya gari kutoka Beni mpaka Butembo, nikajiuliza nyumbani, nikaendelea kujiuliza mpaka swali lenyewe likachakaa. Mimi ni mtu wa maswali. Nilipokuwa mdogo, katekista alinitoa nje ya mafundisho kwa sababu ya maswali hayo, na chuoni maprofesa walijifunza kutonitazama nikiinua mkono. Lakini lile lilinichosha kuliko yote, kwa sababu nililiuliza kwa kila njia niliyoijua na halikujibika.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya ujenzi, na nilikuwa nakaa kwa wazazi wangu Mususa, mtaa wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Siku zangu zilikuwa za kungoja: kungoja umeme, kungoja mtandao, kungoja mtu aseme kwamba ana kiwanja na anataka mchoro. Baba alivumilia, kisha akaacha kuvumilia. Ndugu yake mdogo ana ofisi Kasindi, kule mpakani, ya kuandika karatasi za mizigo inayoingia kutoka Uganda. Likizo moja nilifanya kazi pale. Malori, mihuri, wabadilishaji wa fedha, vumbi, na mtu kunipigia kelele tangu asubuhi kwa sababu ya gari lake.

“Mvua hii ikiisha bila kazi,” baba alisema, “unaenda kwa baba yako mudogo. Hatutaongea tena.”

Ndipo akaja mteja. Alikuwa msafirishaji wa Beni. Malori yake yalishusha kakao mpakani na kurudi na saruji. Watu wote walimwita Hadji, nami nilimwita hivyo. Alitaka nyumba ya ghorofa. Nilimpelekea michoro ya karatasi, akaigeuza juu chini, akanirudishia.

“Miye sisomi bile mistari,” alisema. “Nataka nitembee ndani ya nyumba mbele ya kuijenga. Naona watoto banafanya vile kwenye télé, banacheza, banaingia mu manyumba. Fanya vile.”

Kompyuta yangu ya chuo haikuweza. Kumwezesha mtu kutembea ndani ya nyumba isiyokuwepo, mwanga ukiingia dirishani na kivuli kikisogea, kunahitaji kadi ya picha yenye nguvu, na kadi hizo zinakaa ndani ya kompyuta za michezo. Nikaenda kutafuta laptopu ya michezo, mimi ambaye sijawahi kucheza hata karata.

Dukani, katikati ya mji, muuzaji alinionyesha mbili. Moja ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, vitufe vyake vikiwaka kama sikukuu. Nyingine ilikuwa nene na nyeusi, matundu makubwa nyuma, na chaja yake nzito kama tofali.

“Chukua hii, dada. Nyembamba kama karatasi. Ona rangi!”

“Nikiitumikisha kwa nguvu muda murefu, inafanya nini?”

“Inawaka!”

“Naona inawaka. Inapunguza mwendo ao hapana?”

“Ah! Weye unanunua ao uko mutu wa douane, wa kupekua mizigo? Maulizo gani haya?”

Nilikuwa na nyumba ya Hadji kwenye flashi. Nikaiweka ndani ya zote mbili, nikaziacha zitembee, nikakaa kwenye kiti cha plastiki huku muuzaji akihudumia wengine na kunitazama kwa jicho moja. Ile nyembamba ilianza kwa mbio. Baada ya muda ikaanza kukokota miguu; picha ziliruka, na chini yake nisingeweza kuweka mkono. Nilielewa kwamba ndani yake kulikuwa na nguvu ileile, ila haikuwa na nafasi ya kutolea joto, hivyo ilijipunguza yenyewe isiungue. Ile nene ilinguruma kama kinu cha mahindi, lakini mwendo wake ulibaki palepale. Nikachukua nene.

“Umenunua batiri ya gari?” baba aliuliza alipoiona.

Mama aliuliza lake. “Banasema ni mashini ya kucheza. Sasa weye unacheza nini?”

“Sichezi, mama. Ni ya kazi.”

“Lakini juu ya nini hawakukuuzia ya kazi?”

Kwetu kila kitu cha thamani kina kitambaa chake. Runinga ina chake, redio ina chake, hata ndoo ya maji ya kunywa ina chake, vyote vimedariziwa maua kwa mkono wa mama. Vumbi la Butembo ni jekundu na halina aibu. Linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Basi mashine yangu nayo ikashonewa. Siku moja nilirudi kutoka dukani nikaikuta inatengeneza picha nilizoiachia, imefunikwa mpaka shingoni, feni zikilia.

“Mama! Unaiua!”

“Ilikuwa inapiga makelele, nikaifunika ipate kulala.”

Tuligombana. Nilimweleza kwamba inavuta hewa chini na kuitoa nyuma, kwamba ukiiziba inachemka, na ikichemka sana inajizima. Alisikiliza, akakunja kitambaa chake taratibu, akasema vumbi nalo litaiua, tutaona nani atawahi. Alikuwa na haki yake. Tangu hapo nilijifunza kuishi na ile mashine kama watu wanavyoishi na mgonjwa wa kifua. Niliinyanyua nyuma kwa vifuniko vya chupa za soda ili tumbo lake lipumue. Nilisafisha matundu kwa brashi ya rangi. Niliipunguzia kasi ya picha, kwa kuwa mtu anayetembea sebuleni hahitaji kasi ya mtu anayekimbia vitani. Niliizuia isipande mpaka mwisho wa nguvu zake. Ikapoteza mwendo kidogo sana na joto jingi. Kazi kubwa niliifanya asubuhi, wakati ukungu bado uko juu ya mabati ya Mususa na baridi inafanya kazi bure. Mashine haikuzimika hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa nazimika, kichwa mezani, chai ikipoa.

Siku ya kumwonyesha Hadji ilikuwa Ijumaa. Niliibeba mpaka Beni mapajani, imefungwa ndani ya kitenge. Ukishuka kutoka Butembo, unavua sweta njiani. Beni kuna joto, na nilikuwa nimeliogopa joto hilo kwa wiki nzima. Nilifika mapema, nikaiweka kwenye meza ndogo ya sebule, nikapanga vifuniko vyangu vya soda, nikaiwasha. Nyumba ikatembea vizuri: mlango, sebule, jiko, ngazi, chumba cha wazazi juu, roshani. Niliiangalia yote. Haikuyumba.

Mke wa Hadji alikuja kukaa karibu yangu. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye kuketi kwa kushika meza kwanza.

“Mutoto yangu, hii kitu inapumulia wapi?”

“Hapa chini, mama, na hapa nyuma. Tukiziba, inachemka, inazimika yenyewe.”

“Aa. Kama mutu.”

Muda wa swala ukafika. Hadji na wanawe wakaenda msikitini, tungeanza watakaporudi. Nilitaka kuizima ipumzike.

“Hapana, iache itembee,” mke wa Hadji alisema. “Na miye niangalie nyumba yangu. Enda kula, samaki iko inakungoja inje.”

Samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani, haachwi. Nilikula nyuma ya nyumba, pamoja na wakwe wa mke wa Hadji waliotaka kujua kama nimeolewa, na kwa nini bado, na kama maswali yangu ndiyo yanafukuza wanaume. Niliporudi sebuleni, mama huyo alikuwa ameketi palepale, mikono mapajani. Feni zilikuwa zinapiga kelele kuliko nilivyoziacha, na vitufe vilikuwa vya moto. Nikasema moyoni, ndiyo Beni hii, ni saa saba, na bati hili halina dari.

Wanaume wakarudi, wakaketi. Mtoto wa kwanza wa Hadji, ambaye ghorofa ilikuwa wazo lake na alishawaambia rafiki zake, alivuta kiti mbele.

Tukaingia mlangoni. Hadji akacheka, akaonyesha kidole: “Ona, hata kiti yangu iko!” Tukapita sebuleni, tukaona jiko. Tukageuka kwenye ngazi. Tukapanda kidato cha kwanza, na kioo kikawa cheusi.

Nilibonyeza, haikuwaka.

“Ni hii tu?” mtoto wa kwanza alisema. “Papa, ametuletea mashini ya kucheza, sasa mchezo umeisha.”

“Hadji, mungoje kidogo. Ikipoa itawaka tena, mutaona juu.”

Nilisikia sauti yangu inavyoomba, na niliona Kasindi waziwazi: meza, muhuri, mlango unaopigwa. Mke wa Hadji alikuwa anatazama zulia.

Hadji alijikuna ndevu. “Mutoto, miye niko na malori tangu zamani. Gari ikikatala kupanda, haupigane nayo. Nimeona ya kutosha. Nitajenga mpaka pale ilikufia.”

“Papa! Na étage? Na ghorofa yangu?”

“Étage, uliza mashini.”

Wote wakacheka isipokuwa mtoto wa kwanza na mimi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nimepewa kazi. Nilipofunga mizigo, kifuniko kimoja cha soda sikukikuta mezani. Kilikuwa mbali, chini ya kiti. Nikakiokota, nikakitia mfukoni, sikukifikiria.

Nilichora nyumba upya, ya chini tu, bila ghorofa, chumba cha wazazi karibu na sebule. Ilijengwa. Baba alimpigia ndugu yake simu kwamba siji tena Kasindi, na wateja wengine wa Beni wakanitafuta kupitia Hadji, kila mmoja akianza kwa kuuliza kama mashine yangu siku hizi inapanda. Nilicheka nao. Ndani nilikuwa nimechoka, kwa sababu niliamini nimepata kazi kwa huruma, na kwa kosa nisilolijua. Nilirudia nyumba ileile Mususa, mchana wa jua kali, madirisha yamefungwa, mara nyingi. Ilipanda ngazi kila mara. Nilibadilisha dawa ya kupozesha iliyo juu ya moyo wa mashine, nilifungua feni, nilisoma kuhusu miinuko na wembamba wa hewa. Niliilaumu chaja, nikalaumu umeme wa Hadji, nikalaumu vumbi, na mama akafurahi.

Miaka ilipita. Mashine yenyewe nimeshaiuza. Juzi tu binti wa mwisho wa Hadji ameolewa, nikaalikwa. Nilikaa barazani pamoja na mke wa Hadji, miguu yake imenyooshwa juu ya stuli, magoti yamevimba. Akaniuliza kama ile kitu ya kupumua bado ninayo. Kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaniambia.

Siku ile ya Ijumaa, mimi nikiwa nyuma nakula samaki, aliitazama nyumba mara ya kwanza, akaona chumba chake kiko juu ya ngazi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akachukua blanketi la mjukuu wake, akalisukuma chini ya mashine, akaizungushia na nyuma vizuri, akaketi. Aliposikia viatu vya wanaume mlangoni, akaliondoa.