Sisimizi Nyuma ya Migomba

Mzee Zabron wa Soni, mkulima wa kabichi, haogopi mtu. Anaogopa mashine moja tu, ile ya kusafisha damu. Kaka yake Kristofa alikuwa na kisukari, figo zikafa, akawa anapelekwa mjini kila wiki kuunganishwa nayo, mpaka siku aliporudishwa ndani ya sanduku. Kwa hiyo Zabron naye alipoambiwa sukari imeanza kumla figo, usingizi ulimkimbia.

Daktari Hawa, binti wa umri wa kitinda mimba wake, alimpa kidonge kipya. Zamani kilikuwa cha kushusha sukari tu, alisema, lakini sasa imeonekana kinalinda na figo. Kisha akaanza kueleza kinavyobadilisha mkojo. Hapo mzee wetu akageukia dirishani. Mshambaa mwenye mvi azungumze habari za mkojo na binti aliyemwamkia shikamoo? Akaitikia "sawa, sawa" kwa kila neno, akaondoka. Mficha uchi hazai, lakini nenda wewe ukamwambie Zabron.

Alimeza kwa bidii. Mvua zilipokatika, mkewe Esta akaona sisimizi wamejaa nyuma ya migomba, pale mumewe anapojisaidia akitoka shambani. Huku milimani, kabla ya vipimo, wazee walimjua mwenye sukari kwa sisimizi. Hata ugonjwa wa Kristofa ulijulikana hivyo hivyo.

"Baba Benjamini, sukari imepanda," Esta alisema. "Hiki kidonge kinakuua."

"Nirudi nikamuulize yule mtoto?"

"Ukamuulize nini? Kiache!"

Akakiacha. Akapunguza ugali, akawa anakula mboga kama mbuzi. Kila asubuhi Esta alikwenda kuchungulia migombani, hadi sisimizi wakatoweka. Wakapeleka jogoo kanisani, sadaka ya shukrani, na baada ya ibada tukamgombania jogoo huyo mnadani huku tukiwapongeza. Jamani, tulishangilia msiba!

Siku ya kliniki, Hawa alisoma majibu, akayarudia. Protini kwenye mkojo ilikuwa imeongezeka na nguvu ya figo imeshuka.

"Baba, dawa unameza?"

Esta ndiye aliyesimulia yote.

"Mama," Hawa alisema taratibu, "dawa ile inaitoa sukari kwenye damu na kuipitisha kwenye mkojo. Sisimizi walifuata hiyo. Ilikuwa inafanya kazi."

Zabron akauliza, safari hii akimtazama binti usoni, "Na palipokwisha kuharibika?"

"Hapatengenezeki, baba. Tulinde palipobaki. Mashine hujaifikia, ila usiache tena."

Walipofika nyumbani Esta hakuweza hata kuwasha moto. Alikaa jikoni akilia, akisema ni yeye aliyemsogeza mumewe kwenye mashine. Zabron akaingia humo jikoni, jambo ambalo wanaume wa rika lake hawalifanyi, akaweka pakiti ya dawa mapajani pa mkewe.

"Zitunze wewe. Utanipa kila asubuhi."

"Mimi? Baada ya niliyokufanyia?" Mikono yake ilikataa kuigusa.

"Mama Benjamini, naogopa," Zabron alisema. "Nikiwa peke yangu nitaziacha tena."