Kalasinga Aliyeingia Chumbani kwa Ng'washi

Taloki alizaliwa hapahapa Biharamulo, nyuma ya mashine ya mbao, na lisemwe hilo kwanza, maana wapo wanaodai alikuwa mgeni. Jina lake hasa ni Tarlok Singh. Kijijini halikukaa midomoni, likawa Taloki, na watoto walimwita Kalasinga kama walivyomwita kila mwenye kilemba na ndevu.

Baba yake ndiye aliyewasomea Makalasinga kitabu chao kitakatifu. Walikuwa nyumba nne tu. Baba alipokufa, Taloki akakalia mahali pake, ana miaka kumi na tisa, na wazee wenye mvi wakaketi chini kumsikiliza. Dini yao inataka mtu alishe watu, naye akalisha. Mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, wakashushwa na malori porini bila hata paa, yeye alitandika magunia katika banda la mashine akapika chapati na dengu. Sharti lilikuwa moja: wote chini, mstari mmoja, mkubwa na mdogo.

Ng'washi, mama wa Kisukuma aliyetokea Shinyanga, alifika siku moja akachungulia. Akamwona Malongo, mume wa binti yake, ameketi mstarini anakula. Akageuka akaenda zake na njaa yake. Mama mkwe hali mbele ya mkwewe, na njaa si sababu.

Miaka minne baadaye vita vikaja. Lori la mashine ya mbao lilichukuliwa kubeba askari, na mganga wa zahanati akaondoka nalo. Bulugu, kijana wa Ng'washi, alikwenda na mgambo. Nyuma yao kikaingia kipindupindu. Limi, huyo binti aliyeolewa na Malongo, alikufa Jumatano. Ng'washi alimfunika, wakamzika, akarudi akakaa. Machozi hayakuja, wala hakuyatafuta. Ijumaa tumbo likamshika yeye.

Nyumbani alibaki yeye na Malongo tu.

"Mayu," Malongo aliita akiwa nje, maana hivyo ndivyo Msukuma anavyomwita mama. "Maji nayaweka mlangoni."

"Yaweke."

"Utayafikia?"

"Nimekwambia uyaweke. Nenda."

Hakuyafikia. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua tano, na miguu haikuwepo. Malongo alijua, na mama alijua kwamba anajua. Lakini mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe, seuze kumwosha. Majirani nao walikuwa wakizika wa kwao. Malongo akakimbia mpaka mashine ya mbao.

Taloki alikuja na debe la maji yaliyochemshwa, chumvi, na sukari, wakati ambao sukari ilikuwa ya kugawiwa kwa vijiko.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

Akasukuma mlango, akaingia.

"Bibi, shikamoo."

"Nani kakwambia uingie?"

"Nimeshaingia. Shikamoo."

"Marahaba. Toka."

"Kunywa kwanza."

"Nimechafuka. Wewe mwanamume, tena mtoto, kitinda mimba wangu anakuzidi."

"Malongo haingii kwa sababu ni mkwe, siyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nimeoa kwako?"

"Nani akupe binti, na minywele hiyo!"

"Basi si mkwe. Kunywa."

Ng'washi hakuwa tena na binti wa kumpa mtu. Alilikumbuka hilo maneno yakiwa yameshatoka. Akaliacha lipite, akanywa.

Alitapika. Akanyweshwa tena, kata kwa kata. Taloki alimwosha, akatoa shuka chafu, na bangili yake ya chuma ikawa inagonga debe kila anapoinama. Akatoka akaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Siku tatu alizunguka hivyo. Mama yake alituma mtu kumwita arudi kupumzika. Alijibu kesho, kila siku kesho.

Siku ya nne hakuja.

"Mayu," Malongo alisema nje ya mlango. "Taloki ameshikwa na tumbo."

Ng'washi aliondoka akiegemea fimbo, akipumzika kila baada ya mti. Mashine ya mbao ilikuwa imezimwa. Mama yake Taloki alimzuia mlangoni.

"Mama, wewe umetoka kuugua juzi."

"Ndiyo maana. Mimi kimeshanipitia. Nipe kata."

Alipiga magoti pembeni ya kitanda. Kijana alifumbua macho yaliyozama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kunywa."

Alikunywa kidogo, hayakukaa. Ng'washi akampa tena. Ilipokaribia adhuhuri maji yakawa hayaingii, yanashukia kwenye ndevu. Aliendelea kumnywesha mpaka mama yake Taloki akamshika mkono.

Makalasinga hawaziki, wanachoma. Walipanga magogo nyuma ya banda. Watu wa kijiji walisimama mbali, isipokuwa Ng'washi.

"Mama Bulugu, huogopi?" Speciosa, jirani yake, alinong'ona. "Mtu anaungua."

"Naona."

Joto lilimpata usoni. Kingine hakusikia.

Kesho yake ilikuwa zamu ya mtaa wao kwenye shamba la kijiji. Ng'washi akaenda na jembe.

"Mama, rudi nyumbani," katibu wa kijiji alimwambia. "Wewe ni mfiwa."

"Mfiwa wa nani?" aliuliza, maana kweli hakujua katibu anamsema yupi, Limi au Taloki.

Katibu akafungua daftari la zamu. Ng'washi akainama akaanza kulima.