Mzee wa Kofia ya Kijivu

Wasee, leo nimefuatwa na mtu kutoka tao mpaka Hurlingham.

Mzee, kofia ya kijivu, gazeti mkononi. Nikisimama, anasimama. Nikigeuka, anasoma gazeti.

Najua mtasema ni zile sinema za majasusi nimekuwa nikiangalia wikendi yote. Hata mimi nilijiambia hivyo.

Lakini nilipoingia kwa kinyozi, alibaki nje akimuuliza muuza mahindi kama ananijua!

Basi nikafanya vile wanafanyanga kwa sinema. Nikavua koti, nikatokea mlango wa nyuma, nikaruka mtaro. Nikampoteza.

Nilijipongeza sana.

Saa hii Wanjiru, mchumba wangu, amenipigia akilia. Yule ni mjomba wake. Kwao, kabla ya kupokea wageni wa ruracio, yaani wa kuleta mahari, lazima mtu atumwe kuchunguza kijana kimyakimya.

Ripoti ya mzee: "Huyo anatoroka mchana kweupe. Ama ako na bibi mwingine, ama anatafutwa na polisi."

Sasa nimechungulia dirishani. Kuna mama na kiondo kwa geti, anamhoji soja wetu.

Huyu sikimbii. Nimeteleka chai.